Pambo la Krismasi la Wifi Mistari

Siku nilipoingia saluni nikakuta maua yamekaa chini ya mashine ya mvuke, ile yenye kofia kubwa, nilijua wifi yangu amepania. Yalikuwa maua ya kitambaa, meupe na mekundu, yamechomekwa kwenye taulo lililokunjwa ili yasimame wima, na kofia imeshushwa juu yake kama kwa mteja yeyote. Mteja wa kweli, dada mmoja aliyekuja kuoshwa nywele, alikuwa pembeni na kichwa chake kimelowa, amenuna.

"Siku hizi hata maua yana zamu?" akauliza.

"Yametangulia kufika," wifi akamjibu. "Na hayapigi domo."

Wifi yangu huyu ni dada wa mume wangu, na mtaa mzima unamwita Mistari. Amesuka nywele miaka thelathini na moja, na sifa yake ni njia. Wasusi wengine watakusuka mbio mbio, ukifika nyumbani ukajitazama kisogo kwa vioo viwili, unakuta njia zimepinda hujui zinaelekea wapi. Yeye hapitishi mkia wa kitana mara mbili. Anaanzia kwenye paji la uso, anaishia kisogoni, na mstari unaobaki hapo unaweza kuuwekea rula. Nasema haya mimi mke wa mdogo wake, na mnajua mawifi hatusifiani ovyo.

Mwaka huu mikono ilimgeuka. Viungo vya vidole vilivimba, ikafika mahali asubuhi hawezi kufungua hata kifuniko cha chupa. Daktari akamwambia Desemba ikiisha, asisuke tena. Alirudi kutoka hospitali akaketi kwenye kiti cha wateja, akajitazama kiooni.

"Wifi," akaniuliza, "nisiposuka, mimi ni nani?"

Mimi na mdomo wangu wote nikainuka. Nikaenda kumchemshia chai.

Matroni wa hospitali hiyohiyo ni mteja wake wa siku nyingi. Siku moja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, alianza kulalamika kuhusu pambo la Krismasi la ukumbi wa mapokezi. Maua halisi hayaruhusiwi pale kwa ajili ya wagonjwa wa kifua, na pambo la maua bandia la mwaka uliopita lilishindiliwa vitu mpaka mgonjwa mmoja akadhani hospitali imefungua duka. Safari hii Matroni alitaka la kisasa. Akatuonyesha picha kwenye simu: bakuli jeusi, matawi matatu, maua ya kuhesabika, na nafasi tupu tele. Mimi nilidhani picha haijafunguka yote.

Wifi aliishika ile simu muda mrefu. "Hizi ni njia," akasema. "Aliyefanya hivi aligawa kwanza, ndipo akasuka. Niletee hayo maua yako."

Matroni hakumficha. Mganga Mkuu angelikagua pambo Ijumaa saa nne asubuhi. Likimridhisha, wifi angekabidhiwa maua ya hospitali nzima, wodi kwa wodi, mwaka mzima. Lisipomridhisha, kazi ingekwenda kwa duka moja kubwa la mapambo. Wifi aliitikia kwa kichwa tu, lakini niliona anavyokunja na kukunjua vidole vyake chini ya taulo.

Alifanya kazi siku tatu. Maua yaliletwa kwenye katoni, yamebondeka kwa kukaa stoo, ndiyo maana akayaweka kwenye mvuke. Yakishapata joto, aliyanyoosha petali moja moja kwa kidole gumba. Akakata matawi makavu ya mti wa uani, akayapuliza rangi nyeupe juu ya magazeti. Ndani ya bakuli pana jeusi akabandika sponji ngumu ya kuchomekea maua, na kabla hajachomeka hata ua moja, akaichora mistari kwa mkia wa kitana. Waya ulipomshinda kukata, alishika koleo kwa mikono miwili. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akanitupia jicho ninalolijua, nikaurudisha mkono wangu mahali pake.

Alipomaliza, tawi moja refu lilipanda likielekea kulia, la pili liliinama, la tatu lililala karibu na mdomo wa bakuli. Maua meupe yalikuwa matatu na mekundu mawili, yote upande mmoja. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu isipokuwa kokoto nyeupe.

"Limekwisha," akasema.

Nikatazama bakuli. Nikatazama katoni, bado ilikuwa na maua kumi na moja. Nikayaacha humo humo, na laiti ningeendelea hivyo hivyo.

Ijumaa asubuhi wifi alikuwa na kichwa cha kumalizia, kwa hiyo mimi ndiye niliyepanda teksi na pambo mapajani, pamoja na mfuko wa yale maua yaliyobaki, nimrudishie Matroni. Nililiweka kwenye meza ya duara katikati ya ukumbi. Ilikuwa saa tatu na mabenchi yamejaa watu wanaosubiri kuitwa, na mtu anayesubiri hana kazi nyingine ila kutazama.

Mlinzi akasogea, mikono nyuma. "Mama, fundi wa kumalizia anakuja saa ngapi?"

"Maua yaliwaishia njiani," akadakia bibi mmoja mwenye bandeji mguuni, na benchi zima likacheka.

Uso uliniwaka moto. Akilini nilimwona wifi yangu anachekwa hivyo mbele ya Mganga Mkuu, na vidole vyake vile, baada ya siku tatu zile. Na mimi nimelelewa kujaza. Kwangu sahani hujaa, kabati hujaa, hata kitanda hujaa mito mpaka mume wangu anauliza alale wapi. Nikafungua mfuko, nikayachomeka yote kumi na moja, kushoto, katikati na popote palipoonyesha uwazi.

"Hapo sasa!" mlinzi akasema. "Hii ndiyo Krismasi."

Bibi wa bandeji alinipigia makofi. Nikakaa kando yake nimeridhika kabisa, hata picha nikapiga.

Wifi alifika saa tatu na nusu. Alisimama mlangoni, akalitazama pambo lake. Nilitegemea atafoka, na ingekuwa nafuu kama angefoka.

"Nani amelisuka upya?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi, wifi. Walikuwa wanacheka. Sikutaka wakucheke."

Aliweka mkoba wake mapajani mwangu, akasogelea meza, akaanza kufumua. Kuchomoa ni kugumu kuliko kuchomeka, maana waya umeshashikwa na sponji, na ukivuta kwa pupa sponji inamomonyoka yote. Alivuta moja, akapumzisha mkono, akavuta jingine. La nne lilimgomea mpaka jasho likamtoka. Muuguzi mmoja kijana akaja mbio.

"Shikamoo, mama. Nikusaidie?"

"Marahaba, mwanangu. Acha tu, kichwa hiki ni changu."

Vicheko vilikwisha. Kwenye dirisha la dawa waliita namba mara mbili na hakuna aliyeinuka. Kila ua lilipotoka, lile tawi refu lilizidi kuonekana, na lilipotoka la tisa jicho langu likapanda nalo lenyewe, kutoka kwenye kokoto mpaka kwenye ncha. Nilikuwa nimelitazama pambo hilo siku tatu bila kuliona. Sasa nikaelewa kwamba ule upande mtupu ndiko jicho linakopumzika kabla halijaanza kupanda. Nilijiona mjinga wa kutupwa, na papo hapo nikamwonea fahari mwanamke yule.

Alikuwa anafunika matundu ya mwisho kwa kokoto wakati Matroni alipoingia na Mganga Mkuu. Mganga Mkuu akaizunguka meza mara mbili.

"Nani ametengeneza hili?"

"Ni mimi na wifi yangu," akajibu Mistari. Nilitamani ardhi inimeze.

"Watu wanakaa hapa wakisubiri majibu ya vipimo," Mganga Mkuu akasema. "Ni vizuri wapate kitu kisichowapigia kelele. Wodi ziko nane, mama. Utaziweza?"

Wifi akatazama vidole vyake mbele ya watu wote, hakuvificha. "Kugawa na kupanga naweza mpaka nizeeke. Waya atakata wifi."

"Mimi?" nikaropoka. "Mimi niliyeliharibu?"

"Wewe hasa. Umeshajua mahali pasipowekwa kitu."

Nilibaki nimekumbatia mkoba wake, machozi yananilengalenga na ninacheka.

Matroni akamwagiza mlinzi amwandike wifi kwenye daftari la wafanyakazi, ili asikae foleni ya wageni kila akija. Mlinzi akafungua daftari, safari hii kwa adabu, akaandika jina, kisha kalamu ikasimama.

"Na hapa kwenye kazi, mama? Niandike mpambaji?"

"Andika msusi."

"Lakini hapa utakuwa unashughulika na maua."

"Wewe andika."

Akaandika. Wifi yangu akainama juu ya daftari akalisoma lile neno, kisha akalisoma tena.