Meneja Aliyekataa Namba Tisini

Nyaruai alipoajiriwa kutunza kompyuta za kampuni moja ya mbegu mjini Kitale, alirithi faili moja. Lilikuwa faili la mipangilio ya printa zote, za Kitale na za ofisi ya Bungoma, mistari elfu moja mia saba. Aliyeliandika, Absalom, alikuwa amestaafu na kwenda kufuga nyuki Kimilili. Katikati ya faili alikuwa ameacha onyo: "USIGUSE HAPA. HATA MIMI SIJUI."

Nyaruai akampigia simu.

"Mzee, hapa pana nini?"

"Acha tu, mama. Siku nilifuta huo mstali, plinta ya Bungoma ilikufa siku tatu. Wewe pita kando."

Lakini Nyaruai alikuwa amechoka. Kila akirekebisha kitu cha Bungoma, Kitale inagoma. Jumatatu moja akalikata lile faili vipande tisa, kila idara na chake, akavitia kwenye folda moja na kuvipa namba. Linux, mfumo ulioendesha kompyuta zile, ingevisoma kuanzia namba ndogo hadi kubwa, na viwili vikigongana, kinachosomwa mwisho ndicho hushinda. Kwa hiyo stoo ikapata kumi, na meneja, Bwana Kibe, akapata tisini.

Kosa lake lilikuwa kuionyesha orodha hiyo mkutanoni.

Kibe akavua miwani. "Mimi ni wa tisini? Na Phelista wa stoo ni wa kumi?"

"Bosi, hapa wa mwisho ndiye..."

"Nyaruai. Nimekaa hapa miaka ishirini na mbili. Niweke moja."

Akamweka moja. Angefanyaje?

Alhamisi Kibe aliandika hotuba yake ya siku ya wakulima, akabonyeza kuchapisha, akangoja. Wapi! Mashine ilikuwa imesoma faili lake kwanza, kisha ikafika kwenye la stoo na kulitii hilo: kila kitu kitoke kwa printa ya lebo. Huko stoo hotuba ikatoka mstari mmoja kwa kila kibandiko, na Phelista, mama asiyejua kulaza kazi, akavibandika vyote kwenye mifuko ya mbegu na kuipakia kwenye lori.

Ijumaa mkulima mmoja, Mukhisa, akapiga simu kutoka Bungoma. Kibe akaiweka kwa spika, Nyaruai akiwa amesimama hapo hapo.

"Mimi nimenunua mbegu ya mahindi," Mukhisa akasema, "lakini hapa imeandikwa, 'Mke wangu mpendwa aliyeketi pale mbele.' Sasa hii ni ya kupanda mvua gani?"

Phelista akaitwa. "Ati makosa? Mimi nilidhani ni majina ya mbegu mpya. Si siku hizi mnazipa majina ya ajabu ajabu?"

Nyaruai akajiuma mdomo na kutazama dirishani. Kibe akamgeukia.

"Kwa hiyo kwa hii mashine, mkubwa huongea mwisho?"

"Ndio, bosi."

"Kama harusini." Akaitafakari, na ikampendeza. "Basi niweke tisini na tisa."

Ikawa kazi ya sekunde tano. Mifuko mingi ilirudishwa ikabandikwa upya, isipokuwa michache. Mteja mmoja wa Kimilili alikataa kabisa kuutoa wake, akauliza kama kuna mwingine uliobaki wenye "Mungu awabariki sana."