Mbwa Aliyenilamba Nikiwa na Saumu

Alijuaje yule mbwa? Hata leo sina jibu, nami ni mtu wa chuo kikuu. Nilikuwa nikijidunga sindano za ugonjwa wa sukari, na daktari alinikataza kufunga Ramadhani. Nilifunga, kwa kuwa niliona haya majirani zetu wa kijiji cha Waa wanione nikila mchana.

Alasiri, nilipomaliza kutawadha, mbwa wetu wa kufukuza nyani shambani alinijia akibweka, akanilamba mkono. Nilimfukuza, nikachota maji na udongo ili nioshe najisi ya mate yake mara saba. Akarudi, akanilamba tena. Nilianza upya, huku nikitetemeka na kutokwa na jasho. Nikadhani ni hasira.

Jirani yangu Mzee Hamisi, aliyekuwa akielekea msikitini na wenzake, alicheka. “Mwalimu, leo mbwa amekuona nyani?”

Nilitaka kumjibu, ulimi ukakataa. Nilianguka katika tope langu mwenyewe. Mke wangu alikuja mbio na asali, akanipaka mdomoni mbele yao wote.

“Kila sukari ikikushuka mbwa huyu hubweka, Baba Zuhura,” akanifokea. “Sote twajua, ila wewe!”

Asubuhi yake nilikaa kibarazani, watu wakipita, nikanywa uji.