Habari za Nyumbani

Muuza kahawa wa karibu na msikiti, pale Malindi, alizoea kusalimu huku akimimina. Dele la kahawa mkono mmoja, vikombe vikilia katika mwingine, aliulizia nyumba nzima ya mteja: mama, watoto, wagonjwa. Kila jawabu alilifunga kwa "Vyema, vyema," macho yasitoke kwenye kahawa. Mwaka wa themanini na saba watu wa televisheni walimleta kipa wa timu ya taifa, mzaliwa wa mtaa huo aliyehamia Mombasa na mamake, wamhoji akinywa kahawa ya kwao.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Mama tulimzika Jumanne."

"Vyema, vyema. Na watoto?"

Jawabu lilimfikia mzee baada ya ulimi wake kwisha kwenda zake. Mwenye kipaza sauti aliinamisha kichwa. Kipa alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakiweka chini bila kunywa, akasema taratibu, "Watoto hawajambo, ami."

Tangu hapo mzee huyo akikuuliza habari za nyumbani, husimamisha dele na kungoja, akikutazama usoni hata ukishajibu. Kahawa hupoa. Kipa hajarudi kuulizwa tena.