Nilivyoikata sensa ya joto kwenye taa ya dagaa ya baba mkwe mtarajiwa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Kwenye uzi huu sijaongeza chumvi, na aibu yote iliyomo ni yangu.

Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Katubuka. Nilipeleka barua ya posa kwa mzee mmoja wa Ilagala, mwenye mtumbwi wa dagaa. Binti yake, Mwajuma, alishakubali. Mzee akakaa kimya wiki tatu.

Asubuhi moja akatokea kibandani kwangu na taa ya LED ya kuvulia dagaa usiku mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hii taa inawaka vizuri saa moja tu, halafu inafifia, dagaa wanaondoka. Nasikia wewe ni fundi."

Wakuu, hapo nikajua huu ndio usaili wenyewe.

Nikafungua draiva, yaani saketi inayolisha LED umeme. Ndani kuna sensa ndogo ya joto. Taa ikichemka sana, draiva inapunguza umeme, mwanga unashuka, LED zinapona. Kumbe taa ilikuwa inajilinda tu. Fundi mwenye akili angeuliza kwa nini inachemka.

Mimi sikuuliza, nilikuwa nataka sifa. Nikang'oa sensa, nikachomelea resista ya kawaida ili draiva idhani taa imepoa muda wote. Nikaiwasha mezani dakika kumi, ikawaka safi. Mzee akaondoka anatabasamu, na mimi nikampigia Mwajuma nikamwambia aanze kuchagua sare za harusi.

Siku ya tatu mzee kanirudia. LED nyeusi tii, harufu imefika mpaka kwa muuza chipsi jirani. Safari hii taa ilikuwa ndani ya kofia ya bati.

Kwa msio wa huku: karabai za kuvulia dagaa zilikuwa zinavikwa bati ili upepo usisumbue moto. Mzee kavua na karabai miaka mingi, aliponunua LED akaivika bati lilelile. Mapezi ya alumini mgongoni mwa taa, yanayotoa joto, yakakosa hewa kabisa.

Ulimi uliniwasha kweli nilisingizie bati. Ila nisingekata sensa, taa ingefifia tu, isingeungua.

"Baba, nimeiunguza mimi."

Nikamweleza yote, pamoja na habari ya bati. Nikaona ndoa inazama mchana kweupe.

Nikafunga LED mpya bila kumdai kitu, nikarudisha sensa, nikaongeza swichi ya kuzungusha ya kupunguzia mwanga. Bati tukaliacha kibandani. Akaondoka bila kuaga.

Juzi kapiga simu.

"Taa haijafifia tena. Fundi wa kwanza aliniambia taa ni feki. Wa pili akasema betri. Wewe umesema ni wewe. Waambie wazee wako waje Ijumaa."

Nimejifunza hivi: taa ikififia, tafuta joto linatoka wapi kabla hujaigusa sensa. Na ukiharibu, sema.

Ijumaa yenyewe ndiyo leo. Wazee wangu wako Ilagala tangu asubuhi, mimi nimebaki kibandani na simu mkononi, kazi haifanyiki. Mliowahi kusubiri majibu ya ukweni, njooni mnichangamshe hapa chini.