Dalali Mbele ya Daktari wa Moyo

Nathanaeli, dalali wa mahindi pale Kibaigwa, hakuwahi kukubali neno la kwanza la mtu. Mchungaji alipompangia tarehe ya ndoa, aliisogeza wiki mbili. Na Raheli alipoikubali posa yake papo hapo, alishuku kuna kasoro.

Basi bintiye Gladness akajifungua mtoto wa kike, midomo ya buluu kama aliyelamba wino. Kesho yake walikuwa hospitali Dodoma mjini, mbele ya Daktari Evarista, mwanamama asiye na papara.

"Shikamoo, mzee. Mishipa mikubwa miwili ya moyo wake imebadilishana nafasi. Damu iliyochukua hewa mapafuni inarudi mapafuni kulekule. Mwili hauambulii kitu."

"Marahaba. Yaani lori linapakia Kibaigwa, linazunguka, linakuja kushusha Kibaigwa!" Nathanaeli alikasirika kwa niaba ya mwenye mzigo.

"Ndiyo hivyo. Dawa inamshikilia kwa muda tu. Tumpasue wiki hii."

"Tuseme mwezi ujao, apate nguvu kidogo."

"Wiki hii, mzee."

"Wiki tatu, na tusirudi nyuma."

"Ijumaa."

Nathanaeli aliduwaa. Miaka yote ya sokoni hajaona mtu anayebembelezwa apande, yeye anazidi kushuka. Gladness alimvuta shati, naye akaikubali Ijumaa upesi kabla haijawa Jumatano.

"Na kupona je?"

"Sitakudanganya. Katika watoto kumi wa namna hii, wanane wanarudi nyumbani."

"Fanya kumi."

"Wanane, mzee."

"Tisa, basi." Sauti iliyozoea kushinda injini za malori ikawa nyembamba. "Mwanangu, niongezee mmoja tu. Mimi nina huyu mmoja tu."

Daktari aliinamisha macho. Nathanaeli aliujua uso wa mtu mwenye akiba aliyoificha, na huu haukuwa huo. Daktari hakuwa na wa kuongeza. Hofu ilimshika mzee wa watu, machozi yakamtoka mbele ya binti yake wala hakuyaficha.

Gladness, ambaye siku zote alisubiri baba aseme kwanza, aliivuta fomu ya kuridhia upasuaji iliyokuwa mezani, akatia saini.

"Wanane ni wengi, baba," alisema. "Twende tukamwone kabla hajalala."