Kipande cha Mwenzako

Andika kama nisemavyo, Neema, wala usinipambie maneno. Mimi sikusoma, nilichokijua nilikijua kwa miguu.

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya reli, nyapara wa gangi letu kule Bahi, yaani msimamizi wa watengeneza njia, alinikabidhi nyundo, spana na bendera mbili, nyekundu na kijani. Alinionyesha mataruma, yale magogo yanayobeba reli, akaniamuru niyagonge na kuyasikiliza, kwa maana lililooza hutoa sauti butu. Nilipanga kokoto mpaka viganja vikawa kama kwato.

Baadaye nilipandishwa kuwa mlinzi wa njia. Wakati wa masika, mlinzi huikagua sehemu yake kwa miguu, akitazama kama maji yamekula tuta. Kila mlinzi alikuwa na kipande cha shaba chenye namba yake. Ukikutana na mlinzi wa upande wa pili, mlibadilishana vipande, kila mmoja akasema, "Kwangu salama," kisha mkageuka. Asiyepokea kipande cha mwenzake hakuruhusiwa kugeuka. Alikwenda mbele mpaka amwone.

Mwenzangu alikuwa Athumani, mtu wa Chemba, mwingi wa utani. Akinitangulia kufika aliniambia, "Mgogo, leo tena umesimama kuhesabu ng'ombe wa watu?"

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, sikumkuta. Nikaendelea mbele, kama ilivyokuwa sheria. Tuta lilikuwa limechukuliwa na maji, reli zinaning'inia hewani. Nilichomeka bendera nyekundu, nikashuka korongoni. Athumani alikuwa ndani ya tope, amekufa, kipande chake kimo mkononi.

Tangu siku hiyo, mvua ikianza, miguu yangu ilinichukua, nami sikuweza kuizuia. Mkaguzi wa njia, mkubwa wa nyapara, alinipa likizo. Alisema bila ukali, "Nenda nyumbani. Masika yakiisha hujapona, nitaweka mtu mwingine." Mashamba yetu yalikuwa yameungua kwa jua mwaka uliotangulia, kazi ile ndiyo iliyotulisha.

Nyumbani Mlali mambo hayakubadilika. Mvua ikinyesha nilitembea mpaka nikaanguka, majirani wakanirudisha. Wengine walisema nimerogwa. Kaka zangu walitaka kunifunga kamba. Mama yako Sechelela, aliyekuwa bado msichana mdogo, ndiye peke yake aliyeuliza, "Baba, unamtafuta nani?" Nikamweleza habari ya vipande.

Mvua iliyofuata nikatoka. Sijamaliza kuvuka mashamba ya karanga, nikamwona anakuja kutoka mbele, amelowa chepechepe. Alikuwa amepita njia ya mkato. Alinyoosha mkono wenye kigae cha chungu.

"Kwangu salama, Baba. Toa chako."

Sikuwa na kitu. Niling'oa kifungo cha juu cha shati, nikampa. Lakini neno lile halikutoka kinywani.

"Basi geuka tu," alisema. "Siku utakayoweza, utasema."

Nikageuka.

Alikutana nami hivyo katika kila mvua, na bibi yako alichoka kutafuta vifungo. Masika yalipokuwa yanakaribia mwisho, nilimwona anakuja, nikamwahi: "Kwangu salama." Akanipa kigae huku analia.

Nilirudi kazini. Nilihamishwa Igandu, kisha Dodoma mjini, nikastaafu nikiwa nyapara. Walinzi wangu niliwafokea sana. Aliyechelewa kufika mahali pa kukutania hakuniona nikicheka.

Sasa niko hapa Ipagala, magoti yamekwisha. Reli mpya inapita, sijui wanaikaguaje. Mvua ikinyesha, miguu bado hutaka kwenda. Nafika getini tu. Mama yako akirudi kutoka sokoni hunikuta hapo, naye hunyoosha mkono kabla hajatua kapu.

Wewe hulalamika kwamba mashati yangu hayakai na kifungo cha juu. Endelea kuvishona, lakini usivikaze. Vidole vyangu siku hizi havina nguvu.