Nesi Aliyemtoa Mama Mkwe Nje

Mara ya kwanza nilipolia kliniki, nesi alinitazama kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya kabati la dawa. Mwanangu alikuwa na wiki tano. Uzito wake mzuri, kadi yake nzuri, mama yake ndiye alikuwa amekwisha. Nilimwambia silali hata mtoto akilala, na nikimtazama ni kama nimeshikishwa mzigo wa mtu stendi, mwenyewe harudi. Akainamia kadi, akaandika andika, kisha akasema, "Mwombe Mungu, dada. Haya, mwingine."

Mwingine. Kana kwamba nilikuwa kwenye foleni ya dagaa.

Na nyuma yangu alikaa mama mkwe, kasikia yote. Kwetu Ujiji mkwe ndiye anayekupeleka kliniki, na mkwe ndiye anayejibu. Mtoto ananyonya? Ananyonya. Mama anakula? Anakula ugali na mgebuka, anamaliza. Mimi nimefika kidato cha nne na Baiolojia nikafaulu, lakini pale nilikuwa mbuzi aliyepelekwa kwa bwana mifugo. Jioni ileile akatangaza kwamba kama mtoto simtaki, atamchukua yeye akamlee kijijini Simbo kwa maziwa ya ng'ombe, na mimi nitafutiwe mtu wa kunitoa majini. Mume wangu akasema tusubiri kliniki ijayo. Mume wangu ni bingwa wa kusubiri.

Basi mwezi mzima nikakaa nangoja kunyang'anywa mtoto ambaye, tusidanganyane, sikujua kama namtaka. Ila kunyang'anywa sikutaka.

Kliniki iliyofuata nesi alikuwa yuleyule, lakini katoka semina. Siku tano za mambo ya afya ya akili, ndivyo tulivyosikia kwenye benchi. Wanawake wakasema alikwenda kula posho na kunywa soda. Niliyecheka zaidi ni mimi.

Nilipoingia akatoa karatasi ya maswali. Akaifuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Akauliza nalalaje. Mama mkwe akajibu nalala kama gogo. Akauliza kama kuna kitu kinachonifurahisha siku hizi. Mama mkwe akafungua mdomo tena. Nesi akaiweka karatasi mezani.

"Shikamoo, mama," akasema, ingawa walishaamkiana. "Naomba utusubiri nje."

Mama mkwe hajawahi kutolewa nje hata msibani. Akammwagia Kiha chote alichozaliwa nacho. Nesi ni mtu wa Mtwara, hakuambulia neno. Akaniuliza mama anasema nini.

"Anasema wewe mtoto mdogo, hujazaa, huna unalojua." Nilimpunguzia. Kiha chake kilikuwa kibaya zaidi.

"Mwambie ni kweli, sijazaa. Lakini humu ndani mgonjwa ni wangu."

Nikamwambia, tena neno kwa neno, kwa raha zangu zote. Akatoka. Mlango ukafungwa.

Ndipo nesi akauliza lile swali, kama nimewahi kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Nikasema kudhuru hapana, ila nawaza kwenda bandarini Kibirizi, nimkabidhi mtoto kwa abiria yeyote anayepanda boti ya Kagunga, nigeuke nikalale. Nikangoja aniambie nimwombe Mungu. Akaniuliza, mara ngapi? Nikasema kila siku. Akaandika. Akasema huo ni ugonjwa, unawapata wazazi wengi, una tiba, na tiba yake haianzi kwa kumwondoa mtoto. Jumatatu angenipeleka mwenyewe kwa daktari, na alinipeleka.

Siku ileile, kabla hatujaondoka, nesi akatoka nje kumwambia mama mkwe kwamba mtoto habanduki kwangu, na kama anataka kusaidia, ampakate kila mchana mimi nilale. Mama mkwe alinuna njia nzima. Kesho yake, saa nane mchana, akanivuta mtoto mikononi. "Kalale, we usiye na adabu." Nililala mpaka magharibi.

Baadaye, nilipopata nguvu ya kugomba, nilimuuliza nesi kwa nini hakuniuliza mara ya kwanza.

"Niliogopa utajibu," akasema. "Ukishajibu, mimi nifanyeje?"

Nilitaka kumtukana, na bado nataka. Si yeye peke yake, na wote waliomweka pale bila kumfundisha. Woga ule uliondoka kwa siku tano na soda, na mimi nilikuwa nimeshaulipia mwezi mzima.

Mtoto ana meno manne sasa, ananing'ata. Kule kijijini Simbo anakwenda kutembea tu. Jioni namfuata mwenyewe.